Risasi za mchangani: Zilivyotoka gereji hadi kusajiliwa ligi kuu

KILA shabiki wa soka anamjua straika wa ndondo. Anafunga kila wikiendi, mtaa mzima unaimba jina lake, lakini klabu kubwa zinamtazama tu hadi miaka inakatika. Huko Marekani, kwenye uwindaji wa wanyama wadogo, kuna risasi iliyopitia maisha hayohayo. Inaitwa .22-250, na ilisubiri usajili kwa karibu miaka 30.

Wamarekani wana jina lao kwa risasi za namna hiyo. Wanaziita paka pori. Ni risasi ambazo hakuna kiwanda kinachoziuza. Ukiitaka, unaijaza mwenyewe kwa mkono, na bunduki yake unamtafutia fundi akuchongee chemba inayolingana nayo.

Kazi yenyewe inafanyika mezani. Jamaa anachukua ganda la shaba la risasi inayouzwa dukani, analisukuma ndani ya kifaa cha chuma kinachobana shingo yake ili ikamate kichwa chembamba zaidi. Anaweka kiwashio kipya kitakoni, anapima baruti kwenye mizani, kisha anakandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Hapo tayari.

Hesabu yake ni nyepesi. Ganda ni kubwa, kichwa ni kidogo. Baruti nyingi inasukuma mzigo mwepesi, na mzigo unatoka kwa kasi ya kutisha.

Kasi hiyo ina kazi. Mwindaji wa kule analenga mnyama kama pimbi anayechimba mashimo mashambani, tena akiwa mita 200 au zaidi. Risasi ya taratibu inashuka sana njiani, kama pasi ndefu iliyopigwa bila nguvu, hivyo ukikosea kukadiria umbali umekosa mnyama. Risasi ya kasi inashuka kidogo, na kosa dogo la macho linasameheka.

HORNET ALIVYOFUNGUA NJIA

Miaka ya 1920, wapenzi wa bunduki waliokuwa na uhusiano na karakana ya jeshi ya Springfield, wakiwemo Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, walichukua risasi ya kizamani ya .22 WCF, iliyozaliwa enzi za baruti nyeusi, wakaijaza baruti ya kisasa. Matokeo yake ni .22 Hornet.

Kiwanda cha Winchester kikaikubali na kuanza kuiuza mwaka 1930. Wakati huo hakukuwa na kiwanda kilichokuwa kinauza bunduki yake. Mpira uliingia uwanjani kabla ya wachezaji.

Mwaka 1935 Winchester ikaja na .220 Swift. Kichwa chake cha gramu 3.1 kilitangazwa kutoka kwa kasi ya takribani mita 1,250 kwa sekunde. Ilikuwa moto kwelikweli, ila ikapata sifa mbaya ya kula mitutu.

Mafundi wa mitaani hawakukaa kimya. Walichukua ganda la .250 Savage, risasi iliyobuniwa na Charles Newton na kutoka mwaka 1915, wakalibana shingo likamate kichwa cha .22. Waliovuma zaidi kwa kazi hiyo ni J. E. Gebby na J. Bushnell Smith, mwaka 1937. Gebby akaipa jina la Varminter, akalisajili kuwa lake. Wengine wakaamua kuiita kwa namba tu, .22-250, na namba ndiyo iliyodumu.

Kuanzia hapo ilicheza mchangani msimu baada ya msimu. Wawindaji waliijaza wenyewe, wakaisifia, wakaleta ushahidi wa matundu kwenye karatasi za shabaha. Mwaka 1963 kampuni ya Browning ikafanya jambo la ajabu. Ikaanza kuuza bunduki ya .22-250 wakati bado hakuna kiwanda kinachouza risasi zake. Miaka miwili baadaye, 1965, Remington ikamaliza mchezo kwa kuiingiza rasmi kwenye orodha yake.

MECHI BILA REFA

Usajili huo si heshima tu. Marekani kuna taasisi ya viwanda inayoitwa SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo inaweka vipimo vya ganda na chemba, na kikomo cha mgandamizo unaoruhusiwa. Risasi iliyosajiliwa ina sheria 17 zake. Paka pori hana, anategemea akili ya aliyemjaza.

Ndiyo maana wajuzi huanza na baruti kidogo, wanapanda taratibu na kusoma dalili. Kiwashio kikitoka kimebonyea na kuwa bapa, au komeo la bunduki likagoma kufunguka, hiyo ni kadi ya njano. Anayeendelea kupandisha anatafuta nyekundu, na nyekundu ya mchezo huu ni bunduki kupasuka karibu kabisa na uso wake.

Hata shingo ya ganda ina mtego. Ikibanwa inakuwa nene zaidi. Ikizidi, inakosa nafasi ya kutanuka ndani ya chemba na kuachia kichwa, na mgandamizo unapanda ghafla.

Aliyezijua hatari hizo kuliko wengi ni fundi P. O. Ackley, aliyezijaza kwa makusudi bunduki za kijeshi kupita kiasi ili aone ipi itapasuka kwanza. Kitabu chake cha mwaka 1962 kilikusanya vipimo vya paka pori kibao. Yeye huyohuyo alichukua ganda kubwa la .378 Weatherby akalibana hadi .22, akitafuta futi 5,000 kwa sekunde. Akaishia kama 4,600. Jina aliloipa lilikuwa la mzaha, lenye maana ya kupasua masikio.

JINA MOJA, VIPIMO VIWILI

Vichwa vimezidi kuwa vidogo. Kaliba ya .17 ina unene wa milimita 4.4 hivi, na ganda la Hornet lililobanwa kufikia hapo linabeba baruti kidogo mno, kiasi kwamba punje chache za ziada zinabadilisha kila kitu.

Ackley aliitengeneza .17 Hornet yake miongo mingi iliyopita. Mwaka 2012 kampuni ya Hornady ikatoa ya kwake rasmi, lakini ilibadilisha vipimo. Majina yanafanana, maganda hayafanani, na vipimo vya baruti vya moja si vya kuazima kwenye nyingine.

Kwa Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo mchezo huu unabaki wa kusoma tu. Kule Marekani, mwenye bunduki ya zamani ya Ackley bado anaandika lebo kwenye kila boksi, analiweka mbali na yale ya dukani, na akiwa na shaka na risasi moja, hiyo haiingii chemba.