Kadi za Krismasi Zilizokwisha Kusomwa

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari ya kitu kidogo kilichomo katika nyumba nyingi za Wakristo, kitu kisicho na kazi wala hakitupwi: kadi za Krismasi za miaka iliyopita. Kila nyumba ina mahali pake pa kuziweka. Nyingine zimo ndani ya kopo la biskuti, nyingine zimefungwa uzi na kulazwa chini ya godoro, nyingine zimechomekwa katika kitabu cha nyimbo hata jalada lake limepasuka. Nayo hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Baada ya miaka michache karatasi hupata madoa ya kahawia, na mchwa wakizigundua hawabakizi hata jina. Mwenye kuzificha ili zidumu mara nyingi huzipoteza zote pamoja.

Twaandika habari hii kwa sababu tulifanya kosa, nasi twaona afadhali kulieleza kuliko kulificha.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, tuliwakusanya watoto wa darasa letu la Jumamosi, watoto wa nyumba chache za Wakristo zilizopo hapa, ambao wengi wao wazazi wao wametoka bara kwa kazi za mahoteli. Tulitaka kuwafundisha kutengeneza kadi za salamu kwa mikono yao, wawapelekee bibi na babu zao waliobaki nyuma. Karatasi ngumu haikututosha, basi tukaomba huku na huku. Mama mmoja mjane, mkaaji wa Mjini, akatupa kopo zima lililojaa kadi, akasema, "Chukua, Mwalimu, macho yangu hayasomi tena." Tukamshukuru, tukapanda daladala hata Paje, wala hatukulifungua kopo lile mpaka watoto walipokwisha kuketi wakiwa na mikasi mkononi.

Ninyi walimu mwajua ya kuwa mtoto hutazama picha. Nyuma ya kadi hana haja napo. Nasi tuliokuwa wazima wa akili hatukupatazama pia. Kwa muda wa saa moja kadi zote zilikuwa zimekatwa, zimekuwa nyota, vibandiko vya zawadi na alama za vitabu, na furaha ilikuwa nyingi.

Baada ya majuma matatu mama yule akatuletea habari. Aliomba kadi moja tu irudi, yenye picha ya taa, maana nyuma yake marehemu mumewe alimwandikia maneno alipokuwa mgonjwa, Krismasi yake ya mwisho. Hayo ndiyo mwandiko wa mwisho aliomwachia. Alikuwa amesahau kama imo katika kopo lile, hata binti yake alipomkumbusha. Tulitafuta siku mbili nyumba kwa nyumba. Vipande vitatu tulivipata. Cha nne kilikuwa kimetobolewa tundu na kufungwa katika furushi la zawadi, nalo furushi limekwisha kuvuka bahari kwenda Tanga, nako huko hakikuonekana tena.

Tulikwenda Mjini wenyewe kumpelekea. Tulimwambia, "Utuwie radhi, mama, kosa ni letu." Akavishika vile vipande, akatujibu, "Hukukata wewe, Mwalimu. Mimi niliyetoa." Maneno hayo yalituuma kuliko kama angalitukemea. Vipande vitatu tulivibandika juu ya karatasi safi, na mahali pa kile cha nne tukapaacha wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataa tusipaandike kitu.

Basi, kabla ya mkasi, someni nyuma. Msimwachie mtoto kazi hiyo. Mtu mzima na aketi na mwenye kadi, azisome moja moja kwa sauti, maana wazee wengi wamesahau walichonacho; na saa hiyo ya kusoma yaweza kuwa njema kuliko kazi yote itakayofuata. Zenye mwandiko wa waliofariki zirudi kwa mwenyewe. Tena kadi nyingi zimekunjwa mara mbili, picha iko upande mmoja na salamu upande wa pili. Hizo zaweza kukatwa penye kunjo, picha ikaenda kwa watoto na mwandiko ukabaki mzima. Ila ile ya mama yetu ilikuwa ya karatasi moja, kama kadi ya posta, ndiyo sababu mkasi ulipita katikati ya maneno.

Labda wengine watauliza, desturi hii ya kadi ilitoka wapi? Si ya kale kama watu wadhanivyo. Uingereza mwaka 1840 gharama ya barua ilipunguzwa hata kufika peni moja, na watu wakaanza kuandikiana sana. Bwana mmoja wa London, Henry Cole, aliyeshiriki katika kazi ile ya posta, aliona barua zinamlemea wakati wa Krismasi. Mwaka 1843 akamwomba rafiki yake, mchoraji John Callcott Horsley, amchoree picha moja ichapwe nyingi, apate kuandika jina tu na kupeleka. Zikachapwa kama 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, na zile zilizozidi zikauzwa kwa shilingi moja moja, bei kubwa kwa siku zile. Pembeni mwa picha walichorwa watu wakiwalisha na kuwavika maskini, lakini katikati ilikuwa jamaa mezani wakinywa mvinyo, na mtoto mdogo akinyweshwa pamoja nao. Watu wenye kupinga ulevi wakanung'unika sana. Sisi twaona walikuwa na haki.

Kwa hiyo kadi ya kuchapwa ilianza kama njia ya kupunguza kazi ya kuandika, nayo kadi ya mkono huirudisha kazi ile. Mtoto asiyejua kuchora akikaa nusu saa akifikiri bibi yake apenda rangi gani, nusu hiyo ya saa ndiyo salamu yenyewe.

Na ukosefu wa vifaa usimzuie mtu. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mtoto wa kike wa miaka 7 katika Chekoslovakia, jina lake Jitka Samkova, alitaka kushukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao kutoka UNICEF, lile shirika la Umoja wa Mataifa lenye kuhudumia watoto. Karatasi haikupatikana, akachora juu ya kipande cha kioo wasichana wakicheza. Picha yake ikawa kadi ya kwanza ya shirika lile, mwaka 1949, na baada yake zikafuata nyingine nyingi za kuchangia watoto wa nchi zote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kilichowapendeza watoto wetu kupita vyote ni kisanduku. Chukua upande wa picha, ukate mraba wa sentimita 12 kila upande. Piga mistari ndani, sentimita 3 kutoka kila ukingo, ukunje penye mistari. Kata penye kunjo mahali pane, mawili upande huu na mawili upande wa pili, kila mkato uishie pale mistari inapokutana. Kisha simamisha kuta na kubandika pembe. Hicho ni kifuniko. Chini yake fanya vivyo hivyo kwa karatasi nyingine ya sentimita 11 na nusu, kiingie ndani bila kubana. Mwatosha humo visheti, au karafuu, au sarafu za sadaka ya watoto.

Gundi si lazima kununua. Unga wa ngano au wa muhogo ukikorogwa katika maji na kupikwa hata ukaiva kama uji mzito, hushika vizuri. Ubaya wake huoza upesi, tena mende huipenda. Hapa kwetu dawa ipo: matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu. Wajalidi wa vitabu wa zamani huko Ulaya walifanya hivyo, nao walikuwa wakiyanunua mafuta hayo kwa bei ghali, sisi tukaao kisiwa cha karafuu tukawa hatujui.

Kwa walimu wa watoto wadogo twasifu zaidi kazi nyingine: kupanga habari. Tafuta katika kadi picha ya Malaika na Mariamu, ya safari ya kwenda Bethlehemu, ya wachungaji, ya Mamajusi, ya kukimbilia Misri. Zibandike juu ya vipande vya boksi vilivyo sawa, zichanganye, mtoto azipange kwa mfuatano huku akisimulia. Tulimwona mtoto mmoja asiyefungua kinywa darasani mwaka mzima akisimama kumkosoa mwenziwe aliyewatanguliza Mamajusi mbele ya wachungaji.

Kuna picha nyingine zisizotufaa sana, nazo ni nyingi kuliko zote: theluji, na yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Watoto wa Paje walituuliza nchi ile mbona nyeupe. Kabla hatujajibu, mmoja akasema ni pwani, maji yamekupwa. Hatukumlaumu, maana mchanga wa hapa ni mweupe vile vile, na wanawake hupita juu yake na vichwani wamebeba magunia.

Na mwani ndio uliotupa kadi zilizo bora. Wasomaji wa bara wajue ya kuwa kilimo cha mwani kilianza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, wafungao vipande vya mche katika kamba kati ya vijiti viwili wakati wa maji kupwa. Lakini mwani wa kulimwa ni mnene, haufai kadi. Ukiubana hutoa maji siku nyingi na kunuka. Utafute ule mwembamba kama nywele, mwekundu au kijani, utupwao na mawimbi. Uoshe mchanga katika maji ya bahari, uutie katika sinia lenye maji, uingize karatasi ngumu chini yake, uutandaze kwa kijiti, kisha uinue karatasi polepole na mwani juu yake. Ufunike kwa kitambaa chembamba, uweke kati ya magazeti, na juu yake vitabu vizito. Magazeti ubadilishe kila siku. Siku ya tano au ya sita utaukuta umeshika wenyewe bila gundi, kwa ute wake, na rangi yake imebaki. Mwanamke mmoja Mwingereza, Anna Atkins, alianza kuchapa picha za mwani wa kwao kwa mwanga wa jua juu ya karatasi ya buluu mwaka ule ule wa 1843 Henry Cole alipotoa kadi yake. Vya kufungia tulitumia uzi wa usumba, ambao akina mama wa hapa huupata kwa kufukia makumbi mchangani na kuyaponda.

Wala msidhani hii ni kazi ya watoto peke yao. Huko Iringa, mwaka 2003, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianza karakana iitwayo Neema Crafts, kwa mikono ya Susie Hart na vijana watatu viziwi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kufanya karatasi kwa mkono, tena nyingine ya mavi ya tembo! Msicheke. Tembo hasagi chakula chake chote tumboni, nyuzi za majani hubaki. Huoshwa, huchemshwa sana, huchanganywa na karatasi kuukuu zilizolowekwa, kisha hutandazwa juu ya wavu na kuanikwa. Kwa karatasi hiyo hufanywa kadi, na wageni huzinunua. Tangu vijana wale watatu, watu wengi wenye ulemavu wamejifunza kazi pale na kula jasho lao, katika nchi ambamo kiziwi mara nyingi alifichwa nyuma ya nyumba.

Neno moja juu ya jirani zetu. Hapa Paje karibu watu wote ni Waislamu, na siku ya Idi sahani za vyakula huja mlangoni petu kabla hatujaamka vizuri. Watoto wakauliza kama waweza kuwapelekea kadi. Tukasema ndiyo, lakini msikate kadi ya Krismasi na kuibandika pale, wala msichore mtu. Chukueni maua, au mwezi, au mwani, na maneno "Idi njema" yaandikwe kwa mwandiko safi. Mzee wa nyumba ya pili ametundika ya kwake juu ya mlango wa duka lake, na hata leo ipo.

Mwaka huu tutaanza mapema, mwezi wa Oktoba, kwa kuwa mvua za vuli huchelewesha gundi kukauka. Mama yetu wa Mjini ametuletea kopo la pili. Hatukulitazamia, na twakiri tuliogopa kulipokea. Alikuwa ameketi na binti yake akasomewa zote, na nyuma ya kila kadi ameandikiwa kwa penseli neno moja, "kata" au "usikate". Zile za "usikate" ni sita; amesema watoto wazione picha zake, kisha tumrudishie Jumapili.