Samaki, mdhamini asiye na jezi mwambao wa Suguti

UKITAJA klabu za Kanda ya Ziwa zilizowahi kucheza Ligi Kuu, ni kama unasoma orodha ya bidhaa za mikoa hiyo. Pamba wapo. Mbao walikuwepo. Sukari ina Kagera Sugar, dhahabu ina Geita Gold. Hata biashara yenyewe ilipata timu, Biashara United ya Mara. Anayekosekana kwenye orodha ni samaki.

Lakini shuka Suguti, Musoma Vijijini, pita Kusenyi uendelee na mwambao hadi Majita. Huko samaki ndiye mdhamini mkuu wa soka la mtaani, ingawa hana nembo kifuani mwa mchezaji yeyote. Ada ya kuingiza timu kwenye mashindano, mpira mpya, mafuta ya pikipiki ya kuwapeleka vijana kijiji cha pili, hela hiyo inatoka ziwani. Mtumbwi ukirudi na mzigo, timu inapumua. Ukirudi mtupu, jezi za mwaka juzi zinafuliwa tena.

Ndiyo maana hali ya samaki Ziwa Victoria ni habari ya michezo pia.

MWEZI NDIO UNAPANGA RATIBA

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, dagaa wanafuata mwanga na wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haimvuti tena dagaa. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, vijana wanakuwa nchi kavu.

Mratibu wa mashindano anayeujua mwambao huu anatazama mwezi kwanza, kalenda baadaye. Akipanga fainali wiki ya giza, nusu ya kikosi iko majini na nusu nyingine imelala, maana imekesha. Akipanga wakati wa mbalamwezi, wachezaji wapo na watazamaji wapo.

KIKOSI CHA WATATU

Zamani ziwa hili lilikuwa na kikosi kipana kuliko timu yoyote ya Ligi Kuu. Furu peke yao walikuwa zaidi ya aina 500. Kulikuwa na ngege, sato wa asili wa ziwa hili, na ningu, ambaye mvua zikinyesha alipanda mito kwenda kutaga. Ningu ndiye aliyeumia mapema. Nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito, wakanaswa wakiwa njiani kwenda kuzaa.

Miaka ya 1950 na 1960 ukafanyika usajili mkubwa kutoka nje. Sangara alipandikizwa ziwani, na sato tunayemjua leo akaletwa kipindi hicho hicho. Kwa miaka kadhaa sangara alikaa kimya kama mchezaji anayezoea mazingira. Miaka ya 1980 akalipuka. Samaki anayeweza kufika kilo 200 aliwamaliza furu, aina nyingi zikatoweka kabisa.

Sangara huyo huyo akaleta viwanda vya minofu, Musoma ikiwemo, na fedha za kigeni. Bondo lake nalo likapata soko Asia. Leo uvuvi wa kibiashara wa ziwa zima umebebwa na watatu: dagaa anaongoza kwa uzito, sangara anaongoza kwa fedha, sato anapendwa mezani. Timu inayotegemea wachezaji watatu haina benchi. Mmoja akiumia, mchezo umebadilika.

DOGO ANAUZWA KABLA HAJACHEZA

Hapa ndipo shida ilipo. Kanuni zinakataza kuvua sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika sentimita 25. Lakini wengi wanaoshushwa kwenye mialo hawafiki hapo. Na hata sentimita 50 si kubwa kwa sangara jike, kwani majike wengi wanaanza kutaga wakiwa wamepita hapo. Ukimvua akiwa na sentimita 30 umemuuza kinda kabla hajagusa mpira timu ya wakubwa.

Kila shabiki anajua mwisho wa klabu ya namna hiyo. Msimu wa kwanza ina hela, wa pili inahangaika, wa tatu inapigania kutoshuka.

Kokoro ndilo baya zaidi. Sato dume huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike hubeba mayai na watoto mdomoni mpaka wapate nguvu. Kokoro linapita humo humo, likikokota mama, watoto na kiota. Limepigwa marufuku, kama zilivyo timba na sumu, lakini bado linakokotwa gizani.

Dagaa anastahimili kwa sababu maisha yake ni mafupi na anazaliana haraka. Sangara mkubwa hana bahati hiyo. Mtumbwi unaenda mbali zaidi, unachoma petroli zaidi, unarudi na samaki wadogo. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho kinagawanywa kati ya nyumbani, ada ya shule na, mwisho kabisa, timu.

UWANJA NAO UNACHAFUKA

Si kila samaki anayepungua amevuliwa. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya chini kabisa ya ziwa hukosa hewa. Upepo mkali wa kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, huyachanganya. Maji hayo yasiyo na hewa yakipanda ghafla, samaki wanakufa na kuelea. Mvuvi asiyejua anaweza kudhani ni sumu.

Taka za mijini, mbolea na udongo unaoteremka na mito huongeza mzigo. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika kuwa meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja vinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, maelezo ambayo wengi waliyapinga.

NANI ANAKAA BENCHI LA UFUNDI?

Kwenye mialo kuna BMU, vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi. Watafiti wa TAFIRI wapo, kituo kimoja kikiwa Sota, Rorya, mkoa huu huu. Serikali nayo inasukuma ufugaji wa sato kwenye vizimba, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza mpango wa kukopesha boti na vizimba. Kizimba kinasaidia, lakini kinahitaji mtaji wa vifaranga na chakula, na kijana wa Kusenyi mwenye ndoano tu hafiki huko kirahisi.

Mara inajua gharama ya kukosa mtaji. Mwaka 2021 Biashara United iliitoa FC Dikhil ya Djibouti Kombe la Shirikisho Afrika, ikaichapa Al Ahli Tripoli mabao 2-0, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano kwa matatizo ya usafiri. Ikatolewa bila kupiga mpira. Msimu huo huo wa 2021/22 ikashuka daraja. Minofu ya sangara wa ziwa hili hupanda ndege kwenda Ulaya, lakini timu ya mkoa ilikwama nyumbani.

Vipaji Suguti vipo, kama ilivyo kwa vijiji vyote vya mwambao. Vinachezea hela ya samaki. Kiongozi wa timu anayekubali mchango uliotoka kwenye kokoro anajua, au anapaswa kujua, kwamba amekula bajeti ya kikosi cha miaka mitatu ijayo. Kamati za mashindano na BMU mara nyingi ni watu wale wale, wanaokaa kwenye mabenchi yale yale. Wakiamua kwamba anayekamatwa na kokoro hasajiliwi na timu yoyote ya kata, hakuna boti ya doria itakayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.