Plamu Kavu Katika Chungu cha Askari

Askari hufundishwa kuitunza bunduki yake kabla ya kuutunza usingizi wake. Huifungua, huipangusa, huipaka mafuta, na ole wake akikutwa na kutu siku ya ukaguzi. Tumbo lake, ambalo ndilo limbebalo yeye na bunduki hiyo, mara nyingi huachwa lijisimamie lenyewe. Leo twakusudia kuzungumza, bila ya haya wala mzaha, juu ya jambo ambalo makambini hutajwa kwa kunong'ona: kufunga choo. Twataka pia kulitambulisha tunda moja jeusi, lililokunjamana kama uso wa mzee, ambalo limejipatia sifa kubwa katika vita hivyo. Nalo ni plamu kavu.

Tunaandika tukiwakumbuka hasa ndugu zetu walio kwenye malindo ya Thongpiny, mtaa wa Juba ulio jirani na uwanja wa ndege. Ni mtaa wa hoteli, ofisi na maghala, wenye kambi ya Umoja wa Mataifa ambamo maelfu ya raia walikimbilia usalama mwezi Desemba 2013. Penye mambo hayo hapakosi walinzi, na tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili nacho kimezidi kupata nafasi mjini humo. Basi tufikirie mtu aliyeshika zamu langoni mwezi wa Februari, joto limevuka nyuzi 35. Jasho lamtoka. Maji hanywi, kwa sababu akinywa itambidi aliache lindo kwenda haja. Chakula chake ni asida au ugali, maharage kidogo, pengine nyama kavu. Mboga za majani huziona kwa nadra. Usiku choo kiko mbali, tena gizani, hivyo hujizuia mpaka asubuhi, na asubuhi kuna gwaride.

Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kila uchafu unapokaa humo muda mrefu ndivyo unavyozidi kukauka, na kila unapokauka ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kutoka. Mtu hujikamua, mishipa ya njia ya haja kubwa huvimba, na mwisho wake ni bawasiri. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, ina urefu wa kilomita 192. Mwenye bawasiri hawezi kuimaliza akiwa ameketi juu ya ubao wa lori akabaki askari kamili. Naye kwa kuona aibu hatasema neno kwa mganga wa kikosi. Atasema ana mgongo.

Sasa tulitazame tunda lenyewe. Plamu hulimwa kwetu Lushoto, katika milima ya Usambara, na huko Limuru nchini Kenya, nazo huuzwa zikiwa laini na zenye maji yake. Si kila plamu hukubali kukaushwa nzima na kokwa yake. Ile yenye sukari haba huchachuka kabla ya kukauka. Aina zinazofaa ni zile zenye sukari nyingi, mashuhuri miongoni mwake zikiwa za Agen, kusini magharibi mwa Ufaransa. Vikonyo vya aina hiyo vilifikishwa California mwaka 1856, na leo jimbo hilo ni miongoni mwa wakuzaji wakubwa duniani. Hupatikana kilo moja ya plamu kavu kwa kila kilo tatu hivi za plamu zilizochumwa mtini, na bei yake ndiyo maana haiwi ndogo.

Nguvu ya plamu kavu hutokana na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. Kwanza ni nyuzinyuzi, kiasi cha gramu 7 katika kila gramu 100, ambazo huupa uchafu wingi na ulaini. Pili ni sobitoli, aina ya utamu ambao utumbo haufyonzi wote. Hubaki humo ukivuta maji, na maji hulainisha kilichokuwa kigumu. Mwaka 2011 watafiti wa Iowa, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio kwa watu 40 waliokuwa wakifunga choo. Kwa zamu, watu hao walikula gramu 50 za plamu kavu mara mbili kwa siku, kisha wakatumia unga wa maganda ya mbegu ambao madaktari wengi huutoa kwa ugonjwa huo. Plamu zilifanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya nao uliruhusu rasmi itangazwe kwamba tunda hili husaidia tumbo kufanya kazi yake, kwa sharti la kula gramu 100 kwa siku.

Sifa hiyo imeliletea tunda aibu pia. Karne hii ilipokuwa inaingia, wakulima wa California waliomba ruhusa ya kuliacha jina lake la kale, kwa kuwa wanunuzi walipolisikia walifikiri wazee na choo tu, wakataka liitwe plamu iliyokaushwa. Kumbe aibu ya jambo hili haiko makambini peke yake!

Sisi twaona kosa lilikuwa kuliweka tunda katika kabati la dawa wakati mahali pake ni jikoni. Misri, Waislamu hulirowesha pamoja na tende, tini na aprikoti, wakafuturu kwa maji yake katika mwezi wa Ramadhani. Bara Hindi hutiwa katika biriani. Mpishi wa nyumbani aweza kukata plamu nne au tano akazichemsha katika uji wa mtama, na hatahitaji sukari. Katika mchuzi wa mbuzi wenye kitunguu, tangawizi na mdalasini, plamu zinazotiwa nusu saa kabla ya kuepua huyeyuka zikaufanya mchuzi uwe mzito, wenye utamu na ukali kidogo, na hata nyama ngumu huliwa kwa furaha.

Atakayeanza asianze kwa gramu 100. Plamu tano, yaani karibu gramu 50, zatosha kwa siku za kwanza, maana sobitoli ikizidi hugeuka kuwa gesi na kuhara, na hakuna afande atakayependa jambo hilo litokee katikati ya doria. Wala plamu bila ya maji si kitu. Wenye kisukari wakumbuke kwamba tunda hili lina sukari, na wenye ugonjwa wa figo wamwulize daktari kwanza, kwa kuwa lina potasiamu nyingi. Anayeona damu, au aliyevimba tumbo na kutapika, aende hospitali. Hapo hatuzungumzii matunda tena.

Tunajua kwamba mshahara wa askari hauruhusu kila pakiti iliyotoka ng'ambo. Asiyeiweza plamu asikate tamaa. Tende zina nyuzinyuzi karibu sawa na plamu, ingawa sobitoli yake ni haba na kazi yake ni ya polepole. Ukwaju, ambao Juba huitwa aradeb, ukiroweshwa na kuchujwa ni kinywaji kinachomshawishi mtu anywe maji mengi, na hiyo peke yake ni nusu ya tiba. Liko pia lalobu, tunda la mjunju, ambalo watu wa nchi hiyo hulimung'unya na tangu kale hulitumia kulainisha tumbo. Askari wengi wanalijua jina la mti huo pasipo kujua kwamba ni mti: Heglig, mahali penye visima vya mafuta palipopiganiwa Aprili 2012, pameitwa kwa jina lake la Kiarabu, nao Wadinka hupaita Panthou, thou likiwa jina lao la mti uleule.

Kwa wapendao kuoka, mkaa watosha. Toa kokwa katika gramu 200 za plamu, zimwagie vijiko sita vya maji ya moto, ziponde mpaka ziwe kama uji mzito. Katika keki yoyote punguza mafuta hadi nusu, na mahali pa nusu hiyo utie uji huo. Punguza na sukari. Sufuria ya keki iwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha pata moto, ifunikwe, na makaa machache yatiwe juu ya kifuniko. Ikiiva iachwe ipoe kabisa kabla ya kukatwa. Keki hiyo huwa nyeusi na nzito kidogo, lakini hushika unyevu kuliko keki ya siagi tupu, na kipande chake kilichofungwa vema asubuhi bado huwa laini zamu ya usiku inapoanza.