Imani ni Zawadi, Wala si Malipo

Mara nyingi tunasikia imani ikizungumziwa kana kwamba ni nguvu ambayo mtu hujitengenezea mwenyewe. Mgonjwa asipopona, huambiwa kwamba imani yake ni haba. Mfiwa naye huulizwa kama aliomba ipasavyo. Maneno ya namna hiyo humwongezea mtu mzigo juu ya mzigo, wala hayapatani na mafundisho ya Kanisa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 153, inafundisha kwamba imani ni zawadi ya Mungu, fadhila ambayo Yeye mwenyewe huimimina ndani yetu. Petro alipomkiri Yesu kuwa Kristo, Bwana alimweleza kwamba hakufunuliwa hayo na mwanadamu, bali na Baba wa mbinguni (Mt 16:17). Naye Mtume Paulo anawakumbusha Waefeso kwamba wameokolewa kwa neema, hivyo hakuna awezaye kujisifu (Efe 2:8-9).

Zamani walikuwapo waliodhani kwamba mwanadamu huanza kuamini kwa nguvu zake, kisha Mungu humwongezea. Mtaguso wa Orange, uliofanyika mwaka 529 katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Ufaransa, ulilikataa wazo hilo. Hata hamu ya kwanza ya kuamini ni kazi ya Roho Mtakatifu.

Je, mwanadamu hana lake la kufanya? Analo. Mungu hamlazimishi mtu. Akili na utashi wetu, vikisaidiwa na neema, huitikia kwa hiari. Tena zawadi hii yaweza kupotea isipotunzwa. Ndiyo maana twapaswa kuilisha kwa Neno la Mungu, Sakramenti, sala na matendo ya mapendo.

Tumtazame yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Alikiri kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe katika kutokuamini kwake (Mk 9:24). Yesu hakumfukuza, bali alimponya mtoto. Paulo, kwa upande wake, aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, lakini haukuondolewa. Aliambiwa kwamba neema ya Bwana yamtosha (2Kor 12:7-9). Nani atathubutu kusema kwamba Paulo alipungukiwa imani?

Basi, tunapomtembelea mgonjwa, tusiipime imani yake. Tukae naye, tusali pamoja naye, na tumwite padre ampatie Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Na yeyote kati yetu anayeona moyo wake umekauka, asikate tamaa. Mitume wenyewe walimwomba Bwana awaongezee imani (Lk 17:5). Nasi tumwombe vivyo hivyo kwa unyenyekevu, kwa kuwa anayeombwa ndiye mwenye kutoa.