Matumizi ya "Mwisho wa Siku" katika Maandishi

Miongoni mwa semi za Kiingereza zilizoingia katika maandishi ya Kiswahili kwa kufasiriwa neno kwa neno, ni chache zilizoenea kama "mwisho wa siku". Asili yake ni "at the end of the day", nao Waingereza huutumia usemi huo kwa namna mbili: kutaja jioni yenyewe, kazi ikwishapo, na kusema, wala jioni haimo, kwamba mambo yote yakishapimwa lililo kubwa ni hili. Maana hii ya pili ndiyo yenye taabu.

Taabu hiyo huzidi Unguja, ambako lahaja yake ilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hesabu ya Kiislamu, iliyozoewa Mjini na shamba, siku hukatika jua lituapo: magharibi ya Alhamisi ikiingia, usiku ule ni usiku wa Ijumaa. Basi ikiandikwa, "Mwisho wa siku wavuvi wa Malindi walipata hasara," msomaji wa Mji Mkongwe ana haki ya kufahamu kwamba hasara iliwafika jioni, na pengine asubuhi walikuwa na faida. Kumbe mwandishi alikusudia msimu mzima.

Katika habari kosa hili ni dogo. Katika mkataba huweza kuleta daawa. "Mpangaji atalipa mwisho wa siku": ni magharibi, au saa sita ya usiku kwa hesabu ya ofisi, au ni baada ya mambo yote kwisha? Hapo hapana budi kutaja saa.

Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Jambo lililotokea baada ya mengine hutakiwa "hatimaye" au "mwishowe". Penye kupima uzito wa mambo, watu husema: "Samaki walikuwa haba, nyavu zikakatika, yote tisa, kumi ni bei ya mafuta." Maneno haya hayabadilishani ovyo, "hatimaye mtoto ni mtoto" haisemwi, kwani hapana mfuatano wa matukio. Husemwa tu, "Mtoto, hata awe mjuzi vipi, ni mtoto," na usemi wa kigeni haukuhitajiwa hata kidogo.

Palipo na jua na kazi, usemi huu hauna ila: "Mwisho wa siku wachukuzi wa Darajani hugawana mapato yao."