Gari la Chama Linapochemsha: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Vipuri

Katika vyama vya msingi bado yamo magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi, hasa ya aina ya Land Rover Series III, yaliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Gari la namna hiyo likianza kuchemsha, aghalabu dereva huongeza maji, fundi huing'oa thamostati na kuitupa, kisha kamati huombwa fedha za gasketi. Msimu haujaisha, gari limechemsha tena na ombi la pili limo mezani. Fedha hizo hutokana na mazao ya wanachama. Kwa hiyo yafaa katibu ajue maswali ya kumwuliza fundi, hata kama yeye mwenyewe hajapata kushika spana.

Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya petroli kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na maji. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda. Thamostati huyazuia mpaka yapate moto wa kutosha, kisha huyafungulia njia ya kwenda katika rejeta, ambako upepo wa feni na wa mwendo huyapoza. Katika Land Rover hizo mkanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na jenereta ya umeme. Ndiyo maana taa nyekundu ya chaji ikiwaka na mshale wa joto ukapanda kwa wakati mmoja, dereva hana haja ya kuwaza sana: mkanda umekatika au umelegea.

Swali la kwanza, nalo ndilo lenye faida kuliko yote, ni hili: gari huchemsha wakati gani?

Likichemsha linaposimama na injini ikinguruma, au linapokwenda polepole sokoni, na likapoa likishika barabara tambarare, basi kinachokosekana ni upepo wa feni. Mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati, injini ikiwa imezimwa. Ukibonyea zaidi ya nusu inchi hivi, umelegea. Ukiwa na oili utateleza hata ukikazwa. Feni nayo itazamwe, kwa maana yapo magari ambayo feni yake ilirudishwa kinyume baada ya matengenezo, na hakuna aliyeshangaa.

Likichemsha linapopanda mlima na mzigo, kama vile Kitonga katika njia ya Iringa, au kutoka Moshi kwenda Marangu na magunia ya mbolea, basi rejeta haiwezi kazi yake. Kwanza iangaliwe kwa nje. Matope, mbegu za nyasi, wadudu na nyuzi za pamba huziba matundu ya upepo, na mara nyingi ndiyo maradhi yote. Dawa yake ni maji ya mpira, yapigwe kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ikiwa nje ni safi, rejeta ipapaswe kwa uangalifu mara baada ya injini kuzimwa na feni kusimama: palipo baridi katikati ya moto pameziba kwa ndani. Uzibaji huo hutokana na kutu na chokaa ya maji ya kisima au ya mto. Maji ya mvua ni bora zaidi, na bora kuliko hayo ni maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta inayozuia kutu. Mpira wa chini wa rejeta pia utazamwe injini ikiongezwa mwendo, kwani mpira uliochoka hufyonzwa ukabanana na kuyazuia maji. Moto wa plagi uliochelewa na breki zinazoshika nazo huongeza joto, na fundi wa kawaida huzigundua upesi.

Hali ya tatu ni gari linalopunguza maji daima wala halionyeshi tone chini. Hapa wengi hukimbilia gasketi, ilhali kifuniko cha rejeta hakijaguswa. Kifuniko hicho si kizibo tu. Hushikilia presha, na presha huyafanya maji yachelewe kuchemka. Pwani maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Mbeya, penye kimo cha meta 1,700 hivi, huchemka kwa nyuzi 94. Kifuniko cha ratili 7 kwa inchi ya mraba, kikiwa kizima, hupandisha kiwango cha pwani hadi nyuzi 111 hivi. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji hutoka kwa mvuke njiani bila kuonekana. Kifuniko kipya, chenye namba ile ile, ni rahisi mno kuliko gasketi.

Gasketi ya silinda iliyoungua ina dalili zake, na fundi azionyeshe kabla ya kufungua injini. Gari likiwa baridi, kifuniko kitolewe, injini iwashwe: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta ni hewa ya silinda inayopenya. Oili katika kijiti cha kupimia ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa moto ni dalili nyingine. Pasipo hata mojawapo, kamati isiidhinishe. Na ikibidi kufungua, kichwa cha injini kipimwe kwa rula ya chuma kama kimepinda. Gasketi mpya juu ya chuma kilichopinda haitadumu.

Kuhusu thamostati, mazoea ya kuing'oa yamezidi. Injini isiyo nayo huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi na kulika upesi, na katika baadhi ya injini maji hupata njia ya mkato yasipite kwenye rejeta, joto likazidi badala ya kupungua. Kuipima ni kazi ya jikoni: itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, maji yachemshwe, itazamwe kama inafunguka karibu na namba iliyopigwa juu yake, kwa mfano 82. Isipofunguka, inunuliwe nyingine.

Njiani, mshale ukipanda, dereva asimame. Kama mkanda ni mzima na maji yamo, aiache injini ingurume dakika moja au mbili ndipo azime. Kama mkanda umekatika au maji yamekwisha, azime papo hapo. Mshale ulioshuka ghafla usimdanganye, kwani maji yakiisha kipimo hubaki hewani. Kifuniko kisifunguliwe kabla ya nusu saa, na hapo kwa kitambaa, polepole. Wapo madereva walioungua uso. Maji baridi yasimwagwe katika injini iliyokaukiwa na yenye moto, maana chuma cha kalibu hupasuka.

Kwa upande wa ofisi, katibu aongeze safu moja katika kitabu cha safari: maji yaliyoongezwa, kwa lita, na mahali gari lilipochemsha. Kurasa za majuma matatu zitamweleza fundi mengi kuliko kumbukumbu ya dereva. Hati ya malipo ya kipuri chochote iambatane na kipuri kikuukuu chenyewe, kikiwa na karatasi ya tarehe na namba ya gari, nacho kihifadhiwe ghalani mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe.