Nikola Tesla, fundi aliyefikisha umeme mbali

Mashine ya kusaga ya umeme inapozunguka, wengi wetu tunatazama unga tu. Hatuulizi ni nani aliyefikiri jinsi ya kuizungusha. Leo tutazame maisha ya mmoja wao, Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan. Siku hizi kijiji hicho kiko nchi ya Kroatia, Ulaya. Baba yake alikuwa padri. Mama yake hakupata kwenda shule, lakini alijua kutengeneza vyombo vya kazi za nyumbani. Tesla mwenyewe alisema kwamba ufundi aliurithi kwa mama.

Mwaka 1884 alivuka bahari, akaenda New York, Marekani. Huko akapata kazi kwa Thomas Edison. Edison alikuwa tajiri na mtu mashuhuri. Taa zake za umeme zilikuwa zikiwaka mjini humo tangu 1882. Lakini umeme wake haukufika mbali. Ukishapita kilometa moja au mbili, nguvu imekwisha njiani.

Kwa nini? Umeme wa Edison ulikwenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Umeme wa betri za tochi ni wa namna hiyo. Tesla alipenda umeme wa kwenda na kurudi, kama msumeno wa watu wawili. Msumeno huenda na kurudi, na gogo linakatika! Umeme huu una faida kubwa. Chombo kiitwacho transfoma huweza kuuongezea msukumo. Msukumo ukiwa mkubwa, nguvu kidogo tu hupotea katika waya. Ukifika kwa watu, transfoma nyingine huupunguza, ndipo unaingia nyumbani.

Tesla hakukaa sana kwa Edison. Akaacha kazi, akapata shida, hata akachimba mitaro kwa kibarua. Lakini hakukata tamaa. Mwaka 1888 alipata hati za serikali kwa ajili ya mota yake, inayozungushwa na umeme wa kwenda na kurudi. Tajiri mwingine, George Westinghouse, akanunua haki hizo.

Basi ugomvi ukaanza. Upande wa Edison ukatangaza kuwa umeme wa Westinghouse unaua. Wanyama wakauawa kwa umeme huo mbele ya watu, ili waogope. Mwaka 1890 mfungwa mmoja aliuawa kwa kiti cha umeme, kwa mitambo ya Westinghouse. Ni kweli, umeme huua. Lakini dawa yake ni kujihadhari, siyo kuukataa.

Kazi yenyewe ikajibu. Mwaka 1893 umeme wa Westinghouse uliwasha taa za maonyesho makubwa ya Chicago. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya maji ya Niagara ulifika mji wa Buffalo, zaidi ya kilometa 30. Ubishi ukaisha.

Je, Tesla alikufa tajiri? Hapana. Kampuni ya Westinghouse ilipobanwa na madeni, alikubali kuacha malipo aliyoahidiwa. Baadaye akashindana na Guglielmo Marconi katika mambo ya redio. Marconi akapata sifa. Tesla alikufa Januari 1943, peke yake katika chumba cha hoteli, akiwa na madeni. Miezi michache baadaye, mahakama ya juu ya Marekani ilifuta baadhi ya haki za Marconi, kwa kuwa Tesla na wengine walimtangulia. Haki ilikuja, mwenyewe hayupo.

Ndugu, hata umeme wa bwawa la Kidatu, uliofunguliwa mwaka 1975, husafiri kwa njia hiyo hiyo mpaka Dar es Salaam, karibu kilometa 300. Tunajifunza nini? Kwanza, fitina haizimi ukweli. Pili, ukiwa na ujuzi, jifunze pia kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Tatu, waya ulioanguka usiuguse kamwe. Waite mafundi.